Kwaya Iliyofutika

Asikudanganye mtu, kupiga picha za paspoti ni kazi ya kuua moyo. Masikio yaonekane, usicheke, haya, anayefuata! Tumpale aliifanya kazi hiyo kwenye studio ya Kaka Jofrey, jirani na mpaka wa Tunduma, hadi akawa anaota vichwa na mabega kwenye ukuta mweupe. Kwa hiyo siku Mwalimu Anyitike, kiongozi wa kwaya ya Ibaba kule milimani, alipoingia kutafuta mtu wa kuwatengenezea kava la albamu yao ya kwanza, binti aliruka kabla bosi wake hajafungua mdomo.

“Napiga mimi!”

Jofrey alimtazama kama mbuzi aliyepanda mezani. “Haya. Lakini ukiharibu, unarudi kwenye paspoti, na kwaya hutaigusa tena.”

Tumpale alilisikia lile “haya” tu. Alipanda hadi Ibaba kuwasikiliza wakifanya mazoezi, vinyweleo vikamsimama, na kwa furaha akapiga picha kila kitu: milima, mashamba ya viazi, hata kanisa. Mwalimu alitaka kile ambacho kila kwaya hutaka, yaani maporomoko ya maji ya Ulaya, maua mengi, na yeye mwenyewe aonekane mkubwa kuliko wenzake.

“Na sare ni za rangi gani?” Tumpale aliuliza.

“Sare mpya haisemwi, mwanangu,” alijibu Mama Gwantwa, mwimbaji wa sauti ya kwanza. “Utaiona siku yake.”

Kwenye simu Tumpale alikuwa amejifunza ujanja: unatundika kitambaa cha kijani nyuma ya watu, kompyuta inaufuta ukijani wote, halafu unaweka maporomoko yako. Akanunua kitambaa, na kwaya iliposhuka Chapwa, karibu na Tunduma, kwa semina akakitundika ukutani mwa kanisa. Wakatoka wamevaa sare mpya. Kijani tupu, kuanzia shingoni hadi vifundoni!

“Mungu wangu, zimeendana!” Tumpale akapiga makofi. Ugeni wa kazi nao ni upofu.

Akawaambia waimbe, wasinyamaze. “Chekeni!” alipiga kelele, neno ambalo alikuwa hajawahi kumwambia mtu mbele ya kamera, na wakacheka kweli. Kwaya ikapanda gari, ikarudi milimani.

Akaketi kwenye kompyuta. Kujaribu tu, akatanguliza kuweka nyuma yao picha ya milima ya Ibaba, pamoja na mashamba na kanisa lake, akabonyeza. Lahaula! Kwaya yote ikafutika. Vilibaki vichwa na viganja vikielea, vinywa wazi, kama watu wa siku ya ufufuo waliosahau miili kaburini.

Jofrey alicheka hadi akashika meza. Kisha akaacha kucheka. “Na uzinduzi ni Jumapili hii. Nilikwambia.”

Machozi yalimtoka Tumpale. Aliona ule ukuta mweupe ukimsubiri maisha yake yote. Alipojifuta macho ili aizime kompyuta, akakiona kichwa cha Mama Gwantwa. Shingo yake ilikuwa imetua juu kabisa ya mlima, kinywa wazi, na ungeapa wimbo unatoka ardhini.

Akarudi kwenye picha ya mwanzo, akachora ukingo wa kila bega kwa mkono, bega baada ya bega, kazi ambayo paspoti zilikuwa zimemfundisha vizuri. Nje ya miili akaweka weupe, kama ukungu wa Ibaba asubuhi. Ndani ya sare akaacha milima. Alipomaliza alicheza peke yake kati ya viti.

Kesho yake akaipeleka Ibaba ikiwa imechapwa kubwa. Mwalimu aliitazama kutoka juu hadi chini.

“Maporomoko yako wapi?”

“Hayapo, Mwalimu.”

“Na mbona nimelingana na wenzangu?”

Mama Gwantwa akainyakua ile picha, akaisogeza karibu na macho, akaweka kidole kwenye kifua chake mwenyewe mle pichani.

“Hili si shamba langu? Huu si mwinuko aliolima marehemu mume wangu?” Sauti ikamkatika. “Jamani, nimelivaa.”

Basi ikawa vurugu. Kila mwimbaji alitaka kujua amevaa nini, huyu kavaa mto, yule kavaa njia ya kwao, wanasukumana na kushangilia. Mwalimu alisubiri, akasubiri, uvumilivu ukamwishia.

“Na mimi mmenivika kipande gani?”

“Kanisa, Mwalimu,” alisema Tumpale. “Liko kifuani, upande wa moyo.”

Mwalimu alilitafuta, akalipata. Alikohoa kama mtu aliyemeza vumbi, akaikunja miwani yake taratibu.

“Binti, mwambie Jofrey atafute mtu mwingine wa paspoti.”