Kiu ya Valvu

Mume wangu Kiyotaka ana kipaji cha kutibu homa kwa kumtumbukiza mgonjwa kisimani. Wakati ule tulikuwa na gereji ya pikipiki za mashindano hapa Hamamatsu, na mwendeshaji wetu alikuwa mdogo wake, wifi yangu Mineko.

Pikipiki mpya ilikuwa na kelele. Kila ikiwashwa, valvu ziligonga kule juu kama kikongwe anayekatakata figili. Kiyotaka akaamua zina kiu. Akachukua keekee, akapanua tundu linalopandisha oili kwenye silinda hedi, kule juu zinakokaa valvu.

"Kaka, umetoboa tundu au umechimba handaki?" Mineko akauliza.

"Valvu zikikosa oili zinasagika. Hilo hata mtoto anajua."

"Na zikinywa yote, beringi za krenki, ule mhimili unaozunguka huku chini, zitakunywa nini? Chai?"

"Wewe endesha. Kufikiri niachie mimi."

"Haya, msomi. Usijichoshe lakini."

Kelele zilikoma kweli. Mume wangu akawa anatembea kifua mbele kama mtu aliyegundua moto. Moto hakuugundua, ila moshi ulikuwa njiani.

Siku ya mashindano Mineko aliongoza tangu mwanzo. Kuelekea mwisho, moshi wa buluu ukaanza kumfuata.

"Inachoma oili kidogo tu," Kiyotaka akaniambia, kana kwamba kidogo huonekana kutoka ng'ambo ya uwanja.

"Naona," nikamjibu. "Na majirani zetu nyumbani pia wanaona."

Bendera ya kumalizia ikiwa mbele yake kabisa, Mineko akainua mkono, akazima injini. Wenzake wote wakampita. Akaisukuma pikipiki hadi tulipokuwa, jasho likimtiririka.

"Umezima ukiwa wa kwanza?" Kiyotaka akafoka.

"Taa ya oili iliwaka. Krenki ikikwama kwa mwendo ule, gurudumu la nyuma linaganda na mimi naruka. Ulikuwa unataka kombe au dada?"

Kiyotaka akafungua kifuniko cha juu cha injini, na oili ikamwagikia viatu vyake vyeupe. Ilikuwa imejaa kule, imeshindwa kushuka kwa wakati, nyingine ikipenya kandokando ya valvu na kuungua. Akafungua na cha chini; huko kulikuwa kukavu. Akagusa beringi ya krenki; ilikuwa imeanza kuchubuka. Akakaa chini palepale kwenye oili.

"Ningekuua," akasema polepole.

Mineko akachuchumaa karibu naye, akamfuta mikono kwa kitambaa chake.

Wiki hiyo Kiyotaka alichonga kizibo chenye kitundu chembamba, akakitia kwenye njia ya oili ili ipande kwa kipimo. Valvu zikarudi kugonga kidogo injini ikiwa baridi, kisha kunyamaza.

"Zinapiga miayo," akaeleza, kwa ile sauti yake ya profesa.

Mineko ameshinda mara kadhaa tangu hapo. Na mume wangu siku hizi hagusi nati yoyote kabla ya kumuuliza dada yake, hata zile za breki za baiskeli yangu; hajamuuliza bado, kwa hiyo mpaka leo naisimamisha kwa miguu yangu.