Ramani ya Mabwawa na Msomaji Wake Mmoja

Miaka mitatu mizima Dada Mabwawa aliomba kimoyomoyo kwamba Bwana Masikitiko apate kazi nyingine ya kufanya. Bwana huyo hakuna aliyewahi kumtia machoni. Alijulikana kwa barua pepe tu, na kila barua ilianza kwa maneno yale yale. Kwa masikitiko makubwa, ramani imechelewa dakika arobaini. Kwa masikitiko makubwa, bwawa la chini ya kilima limepakwa buluu iliyopauka mno. Fundi wa dishi, mtu mwenye domo asiyejua kunong'ona, alizisoma barua hizo mbele ya ofisi nzima kwa sauti ya msibani, mkono kifuani, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Kila asubuhi setilaiti ilipita huko juu, dishi la paani likadaka ilichokiona, na kilichoteremka hakikuwa picha bali rundo la namba zisizo na kichwa wala miguu. Kompyuta ilizichambua, ikayaondoa mawingu, ikaiweka kila namba mahali pake juu ya ramani. Hapo ndipo Dada Mabwawa alipoingia. Alipitia bwawa moja baada ya jingine, akahakikisha kivuli cha kilima hakijahesabiwa kuwa maji, akapaka buluu penye maji na kahawia palipokauka, kisha akaitoa ramani hadharani kwenye tovuti kabla ya saa nne. Tangu mwenzake ahamishwe aliifanya peke yake, na aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya watu.

Jumatatu moja mkuu wa idara alisimama mezani pa Dada Mabwawa na karatasi mkononi.

"Ijumaa tunapunguza," alisema. "Kisichotumika kinafungwa. Hii ramani yako, tovuti inaonyesha anayeichukua ni mtu mmoja. Mmoja, dada yangu!"

"Nitakuletea barua za watu wanaoisifu, mkuu."

"Sifa sizitaki. Kila meza imeshaniletea sifa, na nusu yake zimeandikwa na mashemeji. Mtu anayetumia kitu kweli, kikiharibika anapiga kelele. Niletee kelele, tena za mwezi huu."

Dada Mabwawa alilikimbilia faili la malalamiko kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Barua ya mwisho ya Bwana Masikitiko ilikuwa ya miezi minne nyuma. Baada ya hapo, kimya. Miaka mitatu alimwombea anyamaze, na alipomhitaji aseme, kumbe dua ilikuwa imeshapokelewa.

Akapiga moyo konde. Jumanne aliikalia ramani saa mbili nzima, mikono kifuani, macho kwenye saa ya ukutani, akaitoa saa sita mchana. Kisha akakaa akisubiri barua. Ilikuja moja, tangazo la semina ya usalama kazini.

"Labda amekufa," alisema fundi wa dishi.

"Hebu funga hilo domo lako!" Dada Mabwawa alimaka, akashangaa jinsi neno lile lilivyomchoma.

Jumatano alifanya jambo ambalo mtu wa kazi yake hafanyi. Bwawa la chini ya kilima, lile alilolipenda mlalamikaji wake kuliko yote, lilikuwa kavu. Namba zilisema kavu, na namba za juzi zilisema kavu. Akalipaka buluu lote, buluu iliyokolea, ile ile aliyokuwa akidaiwa. "Haya, sasa piga kelele," akaiambia kompyuta, akaitoa ramani. Mpaka jioni hakuna aliyepiga hata chafya.

Alhamisi aliitoa ramani ya kweli mapema, akaomba ruhusa, akaondoka. Chini ya zile barua za zamani paliandikwa anwani: mwalimu mstaafu wa jiografia, duka la kurudufu karatasi, mkabala na kituo cha mafuta. Alisafiri saa mbili na nusu, akajiandaa njiani kukuta makufuli na habari mbaya.

Alikuta maboza ya maji sita yameegeshwa mbele ya kiduka kisichozidi upana wa kitanda. Madereva walikuwa wamesongamana mlangoni, shingo wamezinyoosha, wanabishana. Alipopenya kati yao moyo ulimpiga pa! Mlangoni, nyuma ya plastiki, palikuwa na ramani yake. Ilichapwa kubwa, karatasi nne zimegundishwa, ya leo na ya jana ubavu kwa ubavu. Kwenye ile ya jana, juu ya bwawa la chini ya kilima, mtu alikuwa amepiga alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu na kuandika: HAPA PAKAVU, MSIENDE.

Ndani mzee mwembamba alikuwa akiipapasa mashine ya kurudufu iliyokataa kumeza karatasi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Kurudufu au kuchapa?"

"Mimi ndiye ninayeitengeneza hiyo ramani ya mlangoni."

Mzee alivua miwani, akamtazama. "Wewe ndiye wa tetekuwanga?"

Hapo ndipo Dada Mabwawa alipokumbuka. Miezi minne nyuma alichoka kujibu kwa fomu, akamwandikia bwana yule kama mtu anavyomwandikia mtu: nisamehe, niko peke yangu mezani, mwanangu ana tetekuwanga, tangu juzi sijalala.

"Nilipoisoma niliona haya," alisema mwalimu. "Mtoto wa watu anauguza, mimi namganda kwa dakika arobaini! Nikaapa sikusumbui tena. Siku hizi nikitilia shaka kitu nampigia simu mlinzi wa bwawa, nasahihisha kwa kalamu, basi."

"Na hawa madereva?"

"Wanasoma hapa. Mimi nachukua moja, wao wanasoma hamsini na kitu. Maji ya shule, ya zahanati, ya wanaojenga, safari zote zinapangwa hapo mlangoni."

Dada Mabwawa alicheka kwa furaha, na furaha ikamfungua mdomo. Akamweleza yote: Ijumaa, mkuu na kelele zake, ramani aliyoikalia, na rangi. Alipofika kwenye rangi, uso wa mwalimu ulibadilika.

"Ulijua ni kavu?"

"Nilijua."

"Ukapaka makusudi?"

Dada Mabwawa aliinamisha kichwa, akakubali.

"Jana dereva mmoja aliondoka kabla sijampata mlinzi kwenye simu," alisema mwalimu polepole. "Alikwenda kote huko, akakuta tope, akarudi mtupu. Zahanati ilishinda bila tone mpaka jioni. Kuna mama alijifungua pale mchana, mtoto wakamwosha kwa maji ya chupa ya muuguzi."

Aibu ilimshika Dada Mabwawa, aibu yenyewe hasa, ile inayoanzia masikioni. Mezani kwake bwawa lilikuwa kidoa kidogo kuliko punje ya mchele, naye alikichezea vile. Akamwomba radhi mwalimu. Kisha akatoka nje akawaomba radhi madereva, mmoja mmoja, bila kumruka hata yule dereva kijeba aliyekwenda akarudi mtupu.

"Gari langu linakunywa dizeli, dada," kijeba alimwambia. "Halinywi rangi."

"Najua, kaka yangu. Nisamehe."

Mwalimu alikuwa amesharudi kwenye mashine yake. "Nenda, binti. Nimesikia," alisema bila kugeuka, na hiyo haikuwa ahadi ya chochote.

Ijumaa saa tatu kikao kilianza kwa kuchelewa, kwa kuwa boza la maji lilikuwa limeegeshwa langoni likayazuia magari ya wakubwa, na dereva alikataa kuondoka hadi bahasha yake ipokelewe kwa sahihi. Mkuu wa idara aliifungua, akaipitia yote kwa macho, kisha akasoma kwa sauti.

"'Sisi watu hamsini na saba, madereva wa maji na tunaowapelekea, tunalalamika. Jumatano ramani ya mabwawa ilituambia uongo, na zahanati ikakosa maji. Ramani hii tunaisoma kila siku ya Mungu, na tukiikosa tunapotea njia. Haifai kufanyiwa mzaha.'" Akainua kurasa mbili zilizojaa sahihi. "Hizi sasa ni kelele. Ramani ina wenyewe, haifungwi. Ila nijibiwe moja: ilikosea mashine, au alikosea mtu?"

Chini ya meza fundi wa dishi alimkanyaga Dada Mabwawa mguu, na kwa mara ya kwanza maishani akafanikiwa kunong'ona: "Sema mashine."

Ilikuwa rahisi. Mashine haijitetei. Lakini mashine ikishukiwa, ramani husimama hadi ikaguliwe, na ukaguzi katika ofisi ile ulikuwa habari ya mwaka mzima. Akilini aliwaona wale madereva wakinyoosha shingo mbele ya mlango mtupu.

"Mtu," alisema. "Ni mimi. Nilijua bwawa ni kavu, nikalipaka buluu. Nilitaka mtu alalamike ili ramani ipone."

Mkuu wa idara alifunua ukurasa wa mwisho, ambao hakuwa amewasomea wengine.

"'Aliyefanya hivyo tunamjua,'" alisoma. "'Alikuja mwenyewe, akatuomba radhi mmoja mmoja. Mashine haijawahi kutufanyia hivyo. Tunaomba apewe onyo kali, na tunaomba asiondolewe.'" Akaikunja barua. "Nilikuwa najua kabla hujafumbua mdomo. Nilitaka kusikia utasemaje. Onyo utalipata leo leo, na litakaa kwenye faili lako mpaka unastaafu."

Dada Mabwawa alilia mbele ya wakubwa wote, wala hakujificha. Kisha akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu, na hakuna hata bwawa moja alilokuwa amelipitia.

"Mkuu, naomba ruhusa," alisema akijifuta uso kwa kiganja, na tayari alikuwa amesimama. "Watu wangu wananisubiri."