Simu Yenye Meno ya Chini

Mzee Osiako wa Malinya alikuwa bingwa wa kuona ila. Mletee ng'ombe yeyote, hata fahali aliyewaangusha wenzake wote wa Ikolomani, naye atamzunguka polepole, atamfinya nundu, atamfunua mdomo na kumtazama meno, kisha atatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Kwa njia hiyo alikuwa amewakataa ng'ombe watatu wa Chrispinus, kijana wa Likuyani aliyetaka kumwoa bintiye, Gentrix. Mmoja alikuwa na kengeza. Wa pili alikanyaga ardhi kwa dharau. Wa tatu hakuwa na ila hata moja, na Osiako akasema ng'ombe wa namna hiyo lazima anaficha kitu.

Ukweli aliujua yeye mwenyewe. Tangu mkewe afariki, Gentrix ndiye aliyekuwa akimsikiliza. Jioni mzee huzungumza kuhusu mafahali waliokufa zamani, na binti huchambua mboga huku akiitikia "eee, baba" kila panapostahili. Mahari ilikuwa imebaki ng'ombe mmoja tu. Akishapokelewa huyo, nyumba itanyamaza, na Osiako aliuogopa ukimya huo kuliko kifo.

Basi Jumamosi moja, mwaka wa tisini na tisa, Chrispinus akafika mikono mitupu. Alikuwa amemuuza yule ng'ombe wa tatu, akaingia mjini Kakamega na kununua simu ya mkononi, ile ya kusukumwa kifuniko kikateleza juu. Ilikuwa ya bei nafuu kuliko zote dukani, na ilionekana hivyo. Akaiweka mezani mbele ya wazee, chungu cha pombe ya busaa kikiwa sakafuni kando ya meza, pamoja na waya wake wa kuchajia.

"Baba, nimechoka kuleta wanyama," akasema. "Hii haina kwato, hamtasema inachechemea. Ikagueni tu."

Phanuel, mdogo wake Osiako, alitaka kumfukuza. Shangazi Milcah akakataa. "Kama imenunuliwa na bei ya ng'ombe, ipimwe kama ng'ombe," akasema.

Osiako akachekelea moyoni. Kukagua ndiyo kazi yake, na kitu cha plastiki kitakosaje ila? Akauondoa ule waya mezani usimsumbue, akauviringisha kwenye vidole vyake bila kufikiri, kisha akainama.

"Pembe moja," akaanza, akiivuta antena. "Tena ya kuvutwa. Ikiona vita inairudisha ndani."

Akaisugua kwa kidole gumba, na rangi ya fedha ikabaki kidoleni. Akawaonyesha wenzake. "Ngozi inabambuka. Hii iko na upele."

"Fungua mdomo," Phanuel akamwambia Chrispinus.

Kijana akasukuma. Kifuniko kikateleza, kikakwama katikati, kikapigwa kofi kidogo, kikaendelea. Osiako akasema taya limelegea. Lakini vitufe vilipojitokeza vimejipanga, vyote upande wa chini na juu hakuna hata kimoja, wazee walitazamana.

"Meno iko chini peke yake," Milcah akasema. "Hiyo ni ng'ombe sawasawa."

"Hata mbuzi hana ya juu," Osiako akajibu haraka. "Inakulanga nini?"

"Stima, baba."

"Hapa hakuna stima. Kwa hivyo italishwanga kwa boma ya wenyewe. Inalianga?"

"Ikipigiwa, na kukiwa na netiweki."

Netiweki ilikuwa haijafika Malinya. "Kwa hivyo ni bubu," Osiako akahitimisha, akaegemea kiti, akaridhika kabisa.

Phanuel hakuridhika. Alisema ng'ombe wa mahari huingia bomani kwa miguu yake mwenyewe, na hii imebebwa mfukoni. Itembee. Chrispinus akafikiri kidogo, akabonyeza hapa na pale, akatega kengele ya kuamshia watu, akairudisha mezani.

Simu ikanguruma. Ikatetemeka, ikageuka upande, ikaanza kutambaa juu ya meza. Wazee wakasimama. Phanuel akavua kofia. Ikapita mbele ya Milcah, ikapita mbele ya Osiako pasipo hata kumwangalia, ikaelekea kwenye chungu cha busaa kilichosimama sakafuni kikigusa ukingo wa meza, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumzuia mgeni anayekwenda kunywa, ikatumbukia.

Waliitoa kwa kibuyu. Povu lilikuwa linaitoka mdomoni. Phanuel akaweka sikio ubavuni mwake kwa muda mrefu.

"Imekufa," akasema.

Katika ukoo huo sheria ilikuwa wazi. Ng'ombe akifa kabla baba wa msichana hajashika kamba, hasara ni ya mwoaji, na ataleta mwingine. Akifa baada ya kamba kushikwa, amefia bomani, na mahari imekwisha.

"Hakuna mtu ameshika kamba," Phanuel akatangaza. "Chrispinus ataleta ingine akishavuna mahindi."

Osiako akashusha pumzi. Msimu mzima tena. Alipoinua macho alimwona Gentrix mlangoni na sufuria ya maji. Hakuwa akiitazama simu wala mchumba wake. Alikuwa akitazama mkono wa babake, na ule waya uliozungushwa vidoleni. Angeweza kusema. Alinyamaza tu, kama alivyonyamaza kwa wale ng'ombe watatu.

Koti la Osiako lilikuwa na mfuko mkubwa, na mkono ulikuwa karibu kuingia humo. Akamwona binti yake amekonda. Akauinua mkono, na waya wake.

"Kamba niko nayo," akasema. "Imefia kwangu."

Chrispinus akakaa chini bila kutafuta kiti.

Ng'ombe aliyefia bomani hugawanywa siku hiyo hiyo. Phanuel akaleta kisu. Ngozi akapewa Milcah, pembe akaichukua mwenyewe, meno yakaenda kwa majirani. Kisha akamuuliza mwenye boma anataka nyama ya wapi.

"Nipeni pale pa kusikilizia," Osiako akasema. "Likuyani ni mbali."

Wakamkatia. Kilikuwa kipande kidogo kuliko punje ya mahindi, kinanuka busaa. Akakishikilia sikioni, akawageuzia wote mgongo ili wasimwone uso.

"Haloo," akasema.

"Eee, baba," Gentrix akaitikia nyuma yake.