Mkono wa Mwalimu Erasto

Mwalimu Erasto alipostaafu alibaki na kazi moja ambayo hakuna aliyempa wala aliyeweza kumnyang'anya, nayo ni kuwaandikia wasifu marehemu wote wa Nyarero. Ukifiwa, machozi hayajakauka, pikipiki yake imeshaegeshwa uani. Zamani alikaa na wafiwa mchana kutwa, akauliza, akanywa chai, akauliza tena. Siku hizi alikuwa na programu ya akili mnemba kwenye simu, na alizunguka nayo kijiji kizima akiisifia kama mtu aliyepata mjukuu.

"Nimeilisha wasifu wote niliowahi kuandika," alimwambia Nyangi chini ya turubai la msiba, siku moja kabla ya mazishi. "Imeshika mkono wangu. Ukisoma huwezi kujua kama ni mimi au ni yenyewe."

"Sasa wewe umekuja kufanya nini?" Nyangi akamuuliza.

Mwalimu alicheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani. Nyangi alikuwa amemuuguza Laurensia mpaka pumzi ya mwisho, na sasa hakuwa na subira ya kumpa mtu mwingine.

Tena alikuwa na hofu. Laurensia hakupata mtoto. Mume wake alipofariki, alitoa ng'ombe wake mwenyewe akamwoa Nyangi kwa desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke anaoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ile na wanabeba jina la ukoo ule. Hivyo Magige, kifungua mimba wa Nyangi, ndiye aliyekuwa mwana wa Laurensia mbele ya watu wote. Lakini Mwikwabe, mtoto wa shemeji wa Laurensia, hakutaka kusikia habari hiyo. Tangu mama mkubwa alazwe, alikuwa anapita na mabuti yake kwenye mpaka wa shamba, anakanyaga mihogo, anapima kwa macho.

Wazee walikuwa wamesema neno moja tu, kwamba wasifu ukisomwa kaburini bila mtu kuupinga, mambo yamekwisha. Anayetajwa kuwa mwana ndiye atakayetupa udongo wa kwanza, na anayetupa udongo wa kwanza ndiye anayebaki na mji, nyumba pamoja na shamba.

"Andika kwamba mimi ni mke wa nyumba hii," Nyangi akasema. "Andika pia kwamba ng'ombe walitolewa, wakafika kwa baba yangu kule Genkuru kwa miguu yao."

Mwalimu hakuinua hata macho. Alikuwa anabonyezabonyeza mwaka wa kuzaliwa, ubatizo na jina la ugonjwa. "Usihangaike, mama Magige. Hii inajua namna ninavyosema mambo ya watu."

"Nisomee basi."

"Ndio kwanza nimeutuma stesheneri ukachapwe," akajibu, akaomba aongezewe nyama.

Nyangi alimwongezea. Alikuwa na wageni wa kulisha na kuni za kutafuta, na moyoni alijipa matumaini. Mama mzazi wa Mwalimu naye aliolewa na mwanamke, kijiji kizima kilijua. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya namna hiyo, Nyangi alijiambia, hawezi kuisahau sentensi hiyo moja.

Kesho yake watu walijaa. Padre alikuwepo, viti vya plastiki vilipangwa, na spika ya kukodi ikakoroma mpaka mtu mmoja akaipiga kofi. Mwalimu Erasto alisimama ndani ya koti lake la suti, karatasi mkononi, akasafisha koo.

"Marehemu Laurensia alikuwa mcheshi, mpole, na mwenye tabasamu kwa kila aliyekutana naye."

Nyuma kulisikika kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Teresia, jirani wa miaka yote, alijiziba mdomo kwa kitenge. Huyo mpole ndiye aliyemkimbiza mkusanya ushuru wa mnada kwa fimbo ya kuchungia hadi barabarani, na tabasamu lake hata Nyangi aliyelala nyumba moja naye alilihesabu kuwa tukio.

"Alipenda kwaya. Alipenda maendeleo." Mwalimu alisoma kwa madaha, akitua kwenye kila nukta, na ilikuwa wazi kwamba yeye mwenyewe anayasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza. "Mwenyezi Mungu hakumjalia mtoto. Ameacha msaidizi wake mwaminifu wa nyumbani, Nyangi, aliyemtunza hadi dakika ya mwisho, pamoja na watoto wa msaidizi huyo."

Mwikwabe alikuwa ameshika sepeto tangu asubuhi, kana kwamba kuna mtu alimwomba. Aliposikia hivyo alisogea karibu na kaburi.

Hasira ilimpanda Nyangi. Alipita katikati ya viti akasimama mbele ya Mwalimu.

"Soma tena hapo mwisho."

Mwalimu alisoma tena, safari hii kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye neno "msaidizi" alisita.

"Ni programu, mama Magige," akasema. "Imekosea."

"Haijakosea kitu. Ulipomwandikia marehemu mama yake Tomaso wasifu kwa kalamu, mke wake ulimwita nani? Ulimwita binti wa kazi. Yule aliyeolewa kwa kina Rose ukamwita mgeni wa familia. Kila mwanamke aliyeolewa na mwanamke hapa Nyarero umemfanya mtumishi, ili padre na maofisa wasishangae. Umeilisha aibu yako, nayo imeshiba, leo imenitapikia mimi."

Padre aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

"Mama yako Mwalimu alikuwa msaidizi wa nani?" Nyangi akauliza.

Swali hilo halikuwahi kuulizwa hadharani. Mwalimu alitazama karatasi kana kwamba jibu lingechapwa humo. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mama yangu alikuwa mke," akasema. Spika ilimchukua vizuri, hata waliokuwa jikoni walisikia. "Alitolewa ng'ombe. Nyangi naye alitolewa ng'ombe, nami nilikuwa miongoni mwa waliowaswaga. Ni mke wa nyumba hii, na Magige ni mwana wa Laurensia. Nimelijua jambo hilo siku zote."

"Huyo anasema tu," Mwikwabe akaanza. "Kilichoandikwa ndicho..."

Mzee Mseti, mkubwa wa ukoo, aliinuka taratibu kwenye kiti chake akamfuata pale kaburini. "Mura, kijana wangu, lete hilo sepeto."

Mwikwabe alilishikilia kidogo, akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea, akakuta watu wamemtolea macho makavu. Akaliachia. Mzee Mseti alimpa Magige, na Magige akatupa udongo wa kwanza.

Watu walipotawanyika kwenda kula, Mwalimu Erasto alimfuata Nyangi jikoni. Alikuwa ameshatoa simu.

"Nitaurekebisha wasifu, ubaki kumbukumbu ya watoto. Niiambie tu iondoe ile sehemu."

"Rudisha simu mfukoni," Nyangi akasema, akamsukumia kigoda kwa mguu. "Kaa hapo. Uliza kama ulivyokuwa unauliza."

Mwalimu alikaa. Alijipapasa mifuko yote ya koti akitafuta kalamu, akaikosa, ikabidi aazime kwa Teresia.

"Haya," akasema. "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkali," Nyangi akajibu, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu Laurensia afariki.