Fungu la Kulishia Bomba

Bomba la mafuta la serikali lilikuwa linakula, na linakula vibaya. Tone la mafuta lilikuwa halijapita humo, lakini kila ankara ya mkandarasi ilikuja nono kuliko iliyotangulia, na wakubwa walishaapa hadharani kwamba mradi hautazidi bajeti hata senti. Sasa utafanyaje? Unaficha. Ofisini kwao kuficha kuliitwa kuazima: unachota kwenye fungu la shughuli nyingine, unalipa bomba kimyakimya, mhasibu mkuu anatia saini, mchezo umekwisha.

Mhasibu mkuu mwenyewe alikuwa mwanamke mpole, hana makuu, na alitia saini kama wote waliomtangulia. Mara ya kwanza waliazima fungu la maktaba. Kesho yake akapita ilipokuwa maktaba, akakuta ukuta mtupu umeota ukungu. Akamuuliza mlinzi wa jengo la jirani maktaba imehamia wapi.

"Maktaba gani, mama? Huu ukuta nimeukuta tangu nina akili zangu," mlinzi akasema, akacheka.

Akajipa moyo kwamba ni uchovu tu. Lakini walipoazima fungu la shule ya mtaani kwake, jirani yake mwalimu akatoweka. Mke wa mwalimu alikuwa uani anaanika nguo, na kwenye kamba hapakuwa na hata soksi ya mwanamume. Alipoulizwa habari za mumewe akakunja uso.

"Dada, mimi sijaolewa. Utani mwingine si mzuri."

Jamani! Kumbe kinachoazimwa hakirudi, hakijawahi hata kuwepo, na anayekumbuka ni yule tu aliyetia saini.

Ndiyo maana siku bosi wao, waliyembandika jina la Mzee Nyongeza, alipoleta ankara mpya na kusema safari hii waazime hospitali kuu, aliisukuma ile ankara kando. Baba yake alikuwa amelazwa huko, kwenye mashine ya kusafisha damu. Alimpenda yule mzee kupita maelezo. Mama yao alipofariki ndiye aliyewalea yeye na mdogo wake wa kiume, akimsuka nywele upande upande huku majirani wakimcheka, naye hajali.

"Hospitali siigusi, bosi."

"Basi chagua mwenyewe. Ila leo fedha ipatikane, waliotukopesha hela za bomba wasije wakajua."

"Huoni vitu vinavyopotea mjini?"

"Vitu gani?" Aliuliza kwa dhati kabisa. Akachungulia dirishani, akatabasamu. "Mji wetu ni mdogo, lakini mzuri."

Alipotoka, mhasibu akapekua bajeti nzima. Zimamoto, chanjo, maji. Kila alipogusa palikuwa na watu. Mwishowe akafika kwenye mishahara na marupurupu ya ofisi yao wenyewe, fungu lililonona hasa. Akasema moyoni, sisi ndio tuliokula na hili dude, acha litule sisi. Yeye binafsi hakuogopa sana, maana mwenye saini hubaki siku zote. Akasaini upesi kabla hajaghairi.

Alipoinua macho, meza hazipo. Wenzake hawapo, sauti ya Mzee Nyongeza kwenye korido imekatika. Alikuwa amesimama peke yake katika chumba cha vumbi, na chini ya sakafu kitu kilikuwa kinameza, taratibu, bila haraka.

Alikimbia mpaka hospitali, viatu mkononi. Wodi ipo! Mashine inanguruma, baba yake kaegemea mto, mdogo wake anampoozea chai. Machozi ya furaha yakamtoka bila aibu.

"Baba! Alhamdu... jamani, uko salama!"

Mzee akamtazama kwa upole, akakunja miguu ili mgeni apate pa kukaa. "Ahsante kwa kuja kunijulia hali, binti. Wewe ni mtoto wa nani vile?"

"Wako, baba. Ni mimi."

Mdogo wake akaweka kikombe chini. "Samahani dada, nadhani umekosea kitanda. Mzee hana mtoto mwingine, ni mimi tu."

"Hebu mwache akae, huoni anavyotetemeka?" mzee akamkemea. Kisha akamshika mkono kwa viganja vyote viwili. "Pole sana, mwanangu. Umefiwa na nani?"