Mkeka wa Ndugu wa Damu

Tangu Stéphane apate kazi ya kusafirisha madini kwa malori yake, miguu ya mkewe Simone haikugusa tena ardhi. Nyumba ya vyumba vinane, mlinzi getini, dereva wake mwenyewe, manukato yanayomtangulia mlangoni. Alipungukiwa na kitu kimoja tu: wake za wakubwa wamhesabu kuwa mwenzao. Basi Mama Cathy, tajiri wa vitenge, alipofariki, Simone alifurahi, Mungu amsamehe, maana wake hao wote wangefika kilioni. Walikuwa wameonana mara moja tu, dukani.

Kwenye kilio, majirani walikaa nje kwenye viti vya plastiki. Ndani, kwenye mkeka wa ndugu wa damu, alikaa Mama Daniella, mke wa mkurugenzi na binamu wa marehemu. Simone akajibana ubavuni mwake, akaangua kilio.

“Yaya, dada yangu, umeniacha na nani?”

Alilia hadi wigi likahama. Mama Daniella akampa leso, kisha akamwomba namba ya simu. Hapo Simone akalia zaidi, kwa raha tupu, na nani angejua tofauti?

Lakini mkeka ule una sheria yake. Aliyeukalia hubaki kwenye baraza la familia baada ya mazishi, na analotwikwa pale halikatai. Barazani, mjomba wa marehemu, Clément, akauliza nani atamchukua Bibi Mukuka, mama wa marehemu, aliyetoka Pweto, kando ya ziwa, na sasa hana mtoto hata mmoja. Mama Daniella akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba. Bibi akainuka polepole, akamshika Simone mkono.

“Uyu njo alilia mutoto wangu kupita bote. Nitaenda naye.”

Simone akaona mambo mawili. Akisema yeye si ndugu, hadi jioni Lubumbashi nzima itamcheka. Akikubali, basi amekubali.

“Karibu, Mama,” akasema, jasho likimtoka.

Garini, kapu la Bibi la samaki wakavu likapanda kwenye kiti cheupe cha ngozi.

“Nyumba yako iko na vyumba ngapi?” Bibi akauliza.

“Munane.”

“Na mama yako analala mu kipi?”

Mama yake Simone alikuwa bado kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Kamalondo, asije akamwaibisha mbele ya wageni.

“Iko Kamalondo,” akasema.

“Basi tupite kule kwanza, tumubebe.”

Dereva akauliza njia, maana mwaka mzima wa kumwendesha Simone hakuwahi kutumwa huko.