Fundi Koki Alivyojibana Shingo

Fundi Koki alikuwa amehangaika na mabomba miaka thelathini na minne, na hakuna presha duniani aliyoikubali imshinde. Wanaomfahamu husema aliwahi kuziba bomba kuu la mji kwa kisigino huku akimalizia chai yake.

Asubuhi hiyo alikuwa zahanati kutafuta cheti cha afya tu. Bila cheti hapandi tena kwenye matangi ya ghorofani, na kazi aliyoipenda iko huko juu. Muuguzi alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, naye alishamfunga mashine ya presha mkononi.

"Mia na themanini na tano kwa mia na kumi! Mjomba, na hii unatembea nayo?"

"Sijisikii kitu. Mashine yako mbovu."

"Mashine ni mpya. Mbovu ni mwenye mkono. Tulia dakika tano, nipime tena."

Akageuka kutafuta faili. Koki akawaza kifundi: ukitaka geji, kile kipimo cha presha, isome chini, unabana bomba kabla halijafika kwenye geji. Akapapasa shingo, akapata bomba linalodunda chini ya taya, akalibana kwa vidole vilivyozoea spana.

Chumba kikazimika.

Alipofumbua macho alikuwa sakafuni, miguu juu ya kiti, mpwa wake akimpiga makofi mashavuni, kitambaa cha binti kimemvuka kichwani.

"Umefanya nini?"

"Nimebana... bomba."

"Mungu wangu! Hapo shingoni kuna walinzi, mjomba! Wanahisi msukumo wa damu, wanapeleka habari kwenye ubongo. Ukiwabana wanadhani presha imepasua paa. Ubongo unauamuru moyo upunguze mwendo, mishipa inalegea, na wewe unaporomoka kama gunia."

"Basi walinzi wangu ni wazima," akasema Koki, akijikaza kutabasamu.

"Wazima, ila wamezoea. Presha yako imekuwa juu muda mrefu mpaka wanaiona ya kawaida. Ndiyo maana hujisikii kitu."

Tabasamu likamkauka. Kuanguka hakukumshtua kama hilo. Mwili wake mwenyewe, anaoulisha na kuulaza, ulikuwa ukimwambia kila siku kwamba mambo shwari.

"Moyo... ulisimama?"

"Kidogo. Nilishika mkono wako nikakosa mapigo."

Koki akatazama dari. Ingekuwa juu ya ngazi, je? Akamwona mpwa wake ameshika kalamu, anaandika.

"Mwanangu, usiniandikie hicho cheti."

"Nani alikuwa anakuandikia cheti? Hii ni dawa."